Unyoya wa Odorico

Roma, 8 Oktoba 1954

Mjomba wangu mpendwa, Don Floreano,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti lako halijaanza kukusumbua kabla ya theluji. Mimi ni mzima. Mwambie mama kwamba soksi za sufu alizonifumia zimefika, ingawa huku bado tunatoka jasho; nimezihifadhi. Jibini nalo lilifika, na harufu yake ilinitangulia hadi ukumbi wa chakula. Monsinyori Attavanti, msimamizi wa masomo yangu, aliuliza kwa utani ni mapadre wangapi waliofia ndani ya kifurushi kile.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita nilitetea tasnifu yangu ya sheria za Kanisa, na jopo lote likanitunuku udaktari kwa sifa ya juu kabisa. Hoja yangu ni hii: mamlaka ya Baba Mtakatifu ni kamili, ni kuu, na yanafika moja kwa moja katika kila parokia, hata ile iliyojificha milimani, wala hayabishi hodi kwenye mlango wa desturi.

Kama mfano nilichagua vile vikanisa vya pumzi. Nimeeleza jinsi watoto waliozaliwa wafu walivyopandishwa mlimani ndani ya tenga la mgongoni, wakalazwa altareni kati ya makaa na mishumaa, unyoya ukawekwa juu ya midomo yao; na jinsi unyoya ulipotikisika wanawake walivyopiga kelele, "Anapumua!" na padre akambatiza mtoto papo hapo, apate kwenda mbinguni badala ya kukaa milele katika limbo pamoja na wasiobatizwa. Roma ilipiga marufuku jambo hilo karne mbili zilizopita. Nami nimeonyesha, nadhani kwa ufasaha, kwamba kinachoutikisa unyoya ni joto la makaa, si roho.

Monsinyori anataka sura hiyo niipanue. Naomba uniandikie: desturi hiyo iliendelea hapo kwetu Ravinis hadi lini, na kwa ruhusa ya nani? Nakumbuka mambo mawili matatu, lakini kumbukumbu za utotoni hazina hadhi ya ushahidi.

Mpwa wako mtiifu,
Don Ilario Zanier

*

Ravinis, 2 Novemba 1954

Kwa mpwa wangu, Daktari,

Milele na milele, amina. Goti limeanza kusumbua, ahsante kwa kulikumbuka. Ndicho kiungo pekee cha mwili wangu ambacho Roma haijakitolea waraka. Mamako nilipomsomea habari zako alicheka, akalia, kisha akajifunga kitambaa kichwani na kwenda kuzitangaza kisimani. Huko mambo yalikwenda hivi:

"Orsola, kumbe mwanao ni daktari! Aje aniangalie mgongo."

"Si daktari wa migongo. Ni daktari wa sheria."

"Afadhali. Aje amfunge mume wangu."

Aliporudi alikuwa bado anacheka. Nami sikumwambia ni kitu gani kilichokupa udaktari huo.

Umenialika kwenye mjadala. Nitakujibu kama padre wa mlimani, asiye na maktaba. Mimi sikatai kwamba Papa ni Papa. Kila asubuhi namtaja altareni, na namtaja kwa moyo. Lakini Petro alipewa funguo, Ilario, hakupewa nyundo. Na alipokosea kule Antiokia, Paulo alimpinga uso kwa uso, mbele ya watu, wala hakuna aliyemwambia Paulo kwamba anavunja umoja. Yule aliyetupiga marufuku hakupata kuja kwetu. Hakupata kupanda njia ile ya mawe na maiti ya mwanawe mgongoni. Kutawala usikotembea si dhambi. Lakini anayefanya hivyo yafaa aseme kwa sauti ya chini.

Leo ni Siku ya Marehemu. Mamako ametoka makaburini sasa hivi. Kaka yako Odorico amelala palepale, chini ya ukuta wa kanisa, na msalaba wake una jina, kwa sababu mwenye kubatizwa ana haki ya jina. Nilimbatiza mimi. Mamako alimpandisha mwenyewe, akiwa bado anatoka damu ya uzazi, akakataa kupokewa tenga. Hayo "mambo mawili matatu" unayoyakumbuka ni maua uliyokuwa ukimpelekea kila mwaka, umeshika kidole cha mamako, ukimsalimu kwa jina.

Mwanamke huyu alifiwa na mume, akalima peke yake, akakutoa wewe kwa Kanisa. Kitu kimoja tu ndicho kinachomlaza usingizi: kwamba mmoja wa wanawe yuko mbinguni na anamsubiri.

Andika juu ya vikanisa kama hivyo vya Ufaransa. Chetu kiache. Sikuamuru, nakuomba, na unajua kwamba siombi mara mbili.

Mjomba wako,
Don Floreano Candoni

*

Roma, 20 Novemba 1954

Mjomba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kusikia kicheko cha mama kikivuma hadi huku. Mwambie nimeteuliwa kuwa katibu katika ofisi ya kardinali, na kwamba nimepewa chumba chenye dirisha. Kardinali alisoma tasnifu yangu akiwa safarini, akasema mbele ya wote: "Kijana huyu anaandika kama mtu asiye na ndugu." Kwa hakimu wa Kanisa hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo, nami sikuweza kuficha furaha yangu.

Nimezipima hoja zako kwa heshima. Paulo alikemea mwenendo wa Petro, hakukigusa kiti chake. Kuhusu nyundo, niruhusu niseme kwamba funguo zisizoweza kufunga si funguo, ni mapambo ya ukutani. Unataka Papa afungue tu. Lakini Bwana wetu alitaja kufunga kwanza, ndipo akataja kufungua. Na ikiwa kila bonde litachagua maagizo ya kutii kwa kipimo cha machozi yake, hatutakuwa na Kanisa moja. Tutakuwa na makanisa mengi kama mabonde.

Ombi lako lilifika likiwa limechelewa. Taarifa juu ya kikanisa cha Ravinis imekwisha kupelekwa kwa askofu wenu, ambaye aliiomba mwenyewe, na rasimu niliiandika mimi. Singesema ukweli wote kama ningedai kwamba barua yako ingebadili neno lolote. Kuhusu marehemu O., nimemtaja kwa herufi moja tu, na mzazi nimemwita "mwanamke wa bonde hilo". Nadhani hiyo ni staha ya kutosha.

Mama ni mtu wa imani. Ataelewa.

Mpwa wako,
Don Ilario

*

Ravinis, 14 Januari 1955

Kwa Katibu wa Kardinali,

Milele na milele, amina. Usishangae kuchelewa kwangu. Theluji ilifunga njia, na mimi nilikuwa na kazi ya useremala, kama utakavyosikia. Ng'ombe wa mamako amezaa jike. Ugali wa mahindi mwaka huu ni mchungu kidogo, mvua iliyakuta mahindi shambani.

Waraka wa askofu ulifika kabla ya Noeli, ukiwa na amri kwamba usomwe mimbarini na paroko mwenyewe, sikukuu ya Epifania, bila kupunguza wala kueleza. Nimetii. Nilisoma kwa sauti kubwa ili hata viziwi wapate haki yao. Mwandiko ulikuwa wa askofu, lakini sentensi nilizitambua. Nilikufundisha mwenyewe kupanga sentensi, mezani kwangu. Nilisoma kwamba ubatizo wote uliofanyika katika kikanisa kile tangu siku ya katazo ni batili. Nilisoma kwamba misalaba yenye majina ya watoto hao ing'olewe, na sehemu walipolala itengwe kwa uzio, kwa kuwa si ardhi ya Wakristo. Mamako alikuwa amekaa benchi la mbele. Tangu uwe padre hukaa pale.

Kisha mkunga Menie, ambaye unajua haogopi kitu, alisimama.

"Don Floreano, naomba kueleweshwa. Watoto hao wamefukuzwa mbinguni leo asubuhi, au miaka yote hii walikuwa hawajaingia?"

"Waraka hausemi, Menie."

"Basi rudisha uulizwe. Hata karani wa kituo cha treni husema treni imefutwa au imechelewa."

Fundi Bepi alikataa kujenga uzio. "Nikutengenezee jeneza lako kwanza," alisema, "halafu lala ndani uone kama linakutosha." Nikajenga mwenyewe. Mamako alikuja bila kuitwa, akanishikia misumari, akinipa mmoja mmoja kwa mkono uliofungwa kitambaa kwa ajili ya baridi. Tulipofika mwisho alisema, "Gonga vizuri, Floreano, asije akatoka."

Hayo yamepita. Mamako anakusalimu. Ameshusha kitanda chake, amekiweka karibu na meko.

Sasa turudi kwenye mjadala wetu, maana nisingependa uone kwamba nimekimbia. Mwanamke mmoja wa parokia hii ameniletea swali, nami elimu yangu haitoshi. Anauliza hivi: ikiwa Baba Mtakatifu ana uwezo kamili, na neno lake limemtoa mtoto mahali alipokuwa, je, neno lake laweza kumrudisha? Na kama haliwezi, je, mama akifa katika neema na kuingia mbinguni, atamwona mtoto huyo, hata kwa mbali? Jibu kwa ukamilifu. Hataki kufarijiwa, anataka kujua.

Don Floreano

*

Roma, 30 Januari 1955

Mjomba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Hongera kwa ndama. Nimefurahi kwamba mama amehamia karibu na meko. Joto linafaa kifua chake, na zile ngazi zilikuwa zinamchosha. Soksi zake sasa nazivaa.

Swali lako limenipa furaha ya pekee, kwa kuwa linagusa ukingo wenyewe wa mamlaka ya Papa. Nimelijadili na Monsinyori, naye ameniomba nakala ya jibu langu.

Mosi, muumini huyo amekosea anaposema kwamba neno la Roma limemtoa mtoto mahali fulani. Mtoto hakuwahi kuwa mahali hapo. Roma haikufukuza mtu. Ilisahihisha tu hesabu iliyokosewa na waliobatiza maiti.

Pili, Bwana alisema, "Lolote utakalolifungua duniani." Duniani. Baba Mtakatifu ni mchungaji wa waliobatizwa, nao tu. Walio hai anawatawala. Walio toharani anawasaidia kwa kuwaombea. Lakini aliyekufa bila ubatizo hajapata kuwa wa zizi lake. Hapo, mjomba, hata uwezo ulio kamili unakoma. Papa aweza kuvua taji za wafalme. Hawezi kuongeza jina moja kati ya majina ya waliookoka.

Tatu, kuhusu kuonana. Waalimu wetu wanafundisha kwamba watoto hao hawateswi; wanaishi katika raha ya maumbile, wasijue wanachokikosa. Ila kati yao na watakatifu kuna shimo kubwa, na wanaotaka kuvuka hawawezi. Mama huyo akiingia mbinguni hatamwona mwanawe, wala hatahuzunika kwa hilo, kwa kuwa mwenye heri hahuzuniki. Ikiwa bado anatumaini vinginevyo, umfundishe kwa upole kwamba matumaini si sheria.

Nadhani nimejibu kwa ukamilifu. Naomba unieleze alivyolipokea. Ningependa kuutaja mfano huo katika mhadhara wangu wa Kwaresima.

Mpwa wako,
Don Ilario

*

Ravinis, 3 Machi 1955

Ilario,

Milele na milele, amina. Ndama anaendelea vizuri, Menie anamnywesha.

Umeuliza mwanamke yule alilipokeaje jibu lako. Nakueleza kwa utaratibu.

Mwanamke yule ni mamako. Homa ilimwingia kifuani baada ya kazi ya uzio, naye akashusha kitanda. Swali lilikuwa lake, na maneno yalikuwa yake. Nilitaka kukuandikia wazi, akanikataza. "Usimwambie ni mimi. Akijua ni mimi ataniongopea."

Barua yako ilipofika alikuwa ameinuliwa kwenye mito, Menie akimpa supu ya shayiri. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Ningeweza kumsomea chochote, Ilario: kwamba Papa amefungua, kwamba shimo lina daraja. Nililifikiria hilo kwa muda wote wa kuvaa miwani. Kisha nikasoma kama ulivyoandika, neno kwa neno, hadi kwenye matumaini na sheria, kwa kuwa ulinifundisha kwamba padre wa mlimani hana ruhusa ya kubadili kinachotoka Roma.

Akaniuliza, "Mwandiko wake bado ni mzuri?"

"Mzuri."

"Hakufutafuta mahali?"

"Hapana mahali."

"Alikuwa mtoto mwepesi wa kalamu." Akasukuma bakuli la supu. "Basi nikienda mbinguni simkuti."

"Ndivyo alivyoandika."

"Wala sitahuzunika."

"Wala hutahuzunika."

"Hilo ndilo baya kuliko yote," alisema. Kisha: "Floreano, nikikataa mafuta matakatifu, sheria itanizika wapi?"

Nilijifanya sikusikia. Akarudia, na Menie akanikanyaga mguu. Nikamwambia: anayekataa sakramenti hadharani, bila kutubu, hazikwi katika ardhi ya Wakristo. Huzikwa upande wa pili wa uzio.

"Uzio ule tulioujenga?"

"Ule ule."

"Basi weka mafuta yako kabatini."

Nilimsihi. Mimi nisiyeomba mara mbili nilipiga goti, hili bovu, nikamwomba siku baada ya siku. Alimwita Bepi awe shahidi pamoja na Menie, akakataa mbele yao kwa sauti, ili, kama alivyosema, sheria isipate pa kuteleza. Menie alimwambia, "Orsola, utaungua." Akajibu, "Nimelima Ravinis maisha yangu yote. Wanitishe kwa kitu kingine."

Alikufa Jumatano ya Majivu. Hukupigiwa simu kwa amri yake: "Asiache kazi za Baba Mtakatifu kwa ajili yangu." Bepi, aliyekataa kujenga uzio, ndiye aliyeutoa ubao mmoja ili jeneza lipite. Kengele haikupigwa. Nilisimama pale bila stola ya kipadre shingoni, kama jirani. Amelala ubavuni mwa Odorico, na wote wawili hawana msalaba.

Uutumie mfano huo upendavyo.

Don Floreano

*

Roma, 9 Machi 1955

Mjomba,

Ulimsomea. Ulijua ni nani, na bado ulimsomea. Mimi niliandika kwa mtu nisiyemjua. Wewe ulisoma kwa dada yako. Usiniite mimi katili.

Sina nafasi ya lawama. Mhadhara nimeufuta. Nimemwendea kardinali, naye yuko tayari kuifikisha hati ya maombi miguuni pa Baba Mtakatifu. Mama hakuwa mkaidi. Alikuwa mgonjwa, akili imechoka, na uwezo ulio kamili unaweza kuangalia hilo kwa huruma. Anaweza kuhamishwa. Anaweza kuombewa misa. Lakini kardinali anasema hata huruma inahitaji pa kukanyaga, nasi tunahitaji ushahidi wa padre aliyekuwapo kwamba mwishoni kabisa alitubu.

Haihitajiki kwamba alisema. Sheria inatosheka na ishara yoyote ile, hata iliyo ndogo: ukope, kidole, pumzi iliyotoka kama jina la Yesu. Uliketi karibu naye. Niandikie tu kwamba uliona midomo yake ikitikisika. Mstari mmoja, na sahihi yako.

Nakupigia magoti, mjomba. Ni mama yangu.

Ilario

*

Ravinis, 17 Machi 1955

Mpwa wangu,

Hii ni mara yako ya kwanza kuandika bila salamu, na ndiyo barua yako ya kwanza niliyoipenda.

Unataka ushahidi, nami nitautoa kwa uaminifu. Saa ile ilipofika nilimwinamia dada yangu na kumwangalia kwa makini kuliko nilivyopata kuangalia kitu chochote maishani, isipokuwa mwanawe. Nilichukua unyoya ule ule wa Odorico, nikauweka juu ya midomo yake. Ulitikisika.

Lakini kitanda kilikuwa karibu na meko, kama ulivyofurahi kusikia, na makaa yalikuwa mekundu. Mimi sina elimu ya kutofautisha pumzi na joto. Daktari wa jambo hilo ni wewe.

Unyoya nimeufunga ndani ya bahasha hii. Mpelekee Baba Mtakatifu, au uuweke mezani pako penye dirisha, na uamue.

Floreano